Mwaka wa Kutomsaidia Maren

Chuo alichokitaka binti yetu Maren kina bei mbili. Mkazi wa Montana hulipa dola elfu nane kwa mwaka. Anayetoka jimbo jingine hulipa elfu thelathini na mbili. Darasa ni lile lile, mwalimu ni yule yule, kiti ni kile kile. Sisi ni watu wa Iowa, kwa hiyo bei yetu ilikuwa ile ya pili.

Nilimwambia mezani, sahani zikiwa bado hazijaondolewa.

"Hatuna."

"Mama, hujapiga hata hesabu."

"Nilianza kuipiga ukiwa darasa la tisa. Hatuna."

Mume wangu, Curt, ambaye huendesha lori la mbolea la ghala la ushirika na kulima ekari arobaini alizoachiwa na marehemu baba yake, alimshauri asome papa hapa jimboni kama wenzake.

"Baba, mimi nataka kusomea moto wa misitu," alisema Maren. "Hapa kuna msitu gani? Mtanipa nini nikizime?"

"Mahindi yanaungua vizuri tu."

"Baba!"

"Ungemwuliza babu yako alipokuwa hai. Aliunguza shamba la jirani kwa sigara moja."

Maren hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na minane na ameshaona, kwenye safari ya vijana wa kanisa, mlima mzima uliokuwa mweusi kwa moto na chini yake majani mabichi yakichipua. Tangu siku hiyo hakuzungumza kitu kingine. Mimi nina shahada, najua tofauti ya mtoto anayetaka kuondoka nyumbani na mtoto anayetaka kusoma kitu. Huyu alitaka kusoma.

Njia aliipata mwenyewe. Sheria za kule zinasema hivi: ukihamia Montana, ukakaa miezi kumi na miwili bila kusoma, ukafanya kazi, ukachukua leseni ya kule na namba za gari za kule, ukalipa kodi kule, na katika muda huo wote ukawa humtegemei mzazi aliye jimbo jingine, basi unaweza kuomba uhesabiwe mkazi. Nikachukua kalamu. Tofauti ilikuwa elfu ishirini na nne kwa mwaka. Kwa miaka minne ni karibu laki moja. Nyumba yetu tuliinunua kwa pungufu ya hapo.

"Mwaka mmoja unakwenda haraka," alisema Maren.

"Mwaka mmoja bila senti yetu," nilisema. "Umelisikia hilo? Bila senti."

"Nimelisikia, Mama. Mimi ndiye niliyekusomea."

Watu wa kwetu jambo hilo hawaliwezi. Ukifiwa, kabla hujamaliza kulia kuna bakuli nne za viazi na nyama mlangoni. Mgeni akiaga, kuaga huchukua nusu saa, na nusu saa hiyo ni ya kumtafutia kitu cha kubeba: nyanya, mayai, keki iliyobaki, koti ambalo halimtoshi mtu hapa. Kumwacha mtu aende mikono mitupu ni sawa na kumwambia asirudi. Na mtu huyu alikuwa mtoto wetu.

Aliondoka Juni, wiki moja baada ya kumaliza shule. Asubuhi nilimkuta Curt nyuma ya gari akisukuma sanduku la barafu chini ya mablanketi. Ndani mlikuwa na nyama ya nguruwe ya kulisha watu kumi.

"Toa hiyo nyama."

"Nyama si msaada, Renae. Nyama ni nyama."

"Sheria inasema chakula."

"Sheria imeandikwa na mtu aliyeshiba."

Maren alikuwa amesimama na funguo mkononi, anatuangalia kama watoto wawili wanaogombania baiskeli. Nikaiacha nyama. Mengine yote niliyakata. Namba yake ya simu niliitoa kwenye akaunti yetu, akafungua yake. Gari, alilolinunua kwa akiba yake, tuliliandikisha kwa jina lake. Nilipokwenda kuliondoa kwenye bima yetu, wakala aliinamisha kichwa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama tumegombana.

"Hatujagombana. Anajifunza kuwa mtu wa Montana."

"Pole," alisema, na nadhani alimaanisha.

Maren alipata kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya barabarani, anafua mashuka na taulo za wapita njia. Alipanga chumba chini ya nyumba ya mama mmoja mjane. Kila Jumapili alipiga simu. Alitwambia bei ya maziwa, bei ya mafuta, kiasi alichobakiza. Nilikuwa na karatasi yangu jikoni, naye alikuwa na yake kule, tunalinganisha. Kufikia Septemba alikuwa mbele yangu kwa dola kumi na tano, akanitania kwamba nimekuwa mvivu wa hesabu.

Halafu ikaja Januari. Haikuwa Jumapili.

"Mama, gari limekufa."

"Limekufa vipi?"

"Fundi anasema pampu ya maji, na imeharibu kitu kingine. Anataka mia saba na hamsini. Nina mia tatu."

"Kazini ni mbali kiasi gani?"

Nilisikia mashine zikizunguka nyuma yake. "Maili mbili na kitu. Mama, huku ni baridi ya kukata masikio."

Curt alikuwa amesimama mbele yangu, mkono ameunyoosha anataka simu. Nilimgeuzia mgongo.

"Tukikutumia, tunakuwa tumekusaidia," nilisema. "Umebakiza miezi mitano. Usiipoteze kwa pampu ya maji."

"Hata kunikopesha?"

"Hata kukukopesha. Nani ataamini kwamba ulikuwa mkopo?"

"Sawa," alisema Maren. Alisema tena, "Sawa, Mama," akakata.

Curt alivaa koti, akalivua, akalivaa tena. "Wiki iliyopita umempunguzia Harlan nusu ya bei ya upasuaji wa mbwa wake," alisema. Mimi ndiye msimamizi wa ofisi ya kliniki ya mifugo, na ni kweli nilikuwa nimefanya hivyo. "Mbwa, Renae. Mbwa wa watu."

"Mbwa wa Harlan haombi ukazi Montana."

"Siku moja utachekesha mtu kwa maneno hayo. Leo siyo."

Alilala kwenye kochi siku mbili. Maren alikwenda kazini kwa miguu hadi katikati ya Machi, alipotimiza fedha za fundi. Aliendelea kupiga simu Jumapili, lakini bei ya maziwa hakuitaja tena. Tukiuliza, anasema, "Ipo tu."

Mwezi Februari ndipo mambo yalipoharibika, na hakuna aliyejua. Wakulima wa kwetu humaliza ritani za kodi, zile fomu za mapato ya mwaka uliopita, kabla ya Machi kuanza, na karibu mji mzima hupeleka karatasi zake kwa Verlyn. Ana ofisi chini ya nyumba yake, penye jiko la umeme na birika la kahawa lisilozimwa. Alimfanyia kodi baba yake Curt, akamfanyia Curt tangu siku alipopata mshahara wa kwanza. Verlyn haulizi maswali mengi kwa sababu anatujua. Anajua nani ameuza ng'ombe, nani ameoa, nani amezaa. Curt alipeleka boksi letu la risiti, wakanywa kahawa, wakazungumza mpira wa kikapu wa shule. Nilimwambia Curt amwambie habari za Maren, naye alimwambia. Ritani ilirudi, nikatia saini kwenye kaunta ya kliniki huku mtu akinisubiri na ndama aliyevunjika mguu.

Juni miezi kumi na miwili ikatimia. Maren akapeleka maombi: leseni yake, hati ya gari, mkataba wa chumba, hati za mshahara, ritani yake mwenyewe. Ofisi ya chuo ikaomba pia ukurasa wa kwanza wa ritani ya wazazi. Niliupiga picha kazini, nikaurusha, nikarudi kwa mteja mwenye mbuzi.

Katikati ya Julai alipiga. Sauti yake ilikuwa tambarare kabisa.

"Mama, mmeniandika."

"Nani kakuandika? Wapi?"

"Nyinyi. Kwenye ritani. Pale wanapoandikwa wanaowategemea. Jina langu liko pale, na pembeni yake 'binti.' Wamekataa."

Niliifungua droo. Ilikuwa hivyo hivyo. Maren, jina la ukoo Tjaden, binti. Jina lilikuwa limeandikwa vizuri, halina kosa hata la herufi.

"Wamenipa wiki mbili za kukata rufaa," alisema. "La sivyo ni elfu thelathini na mbili, au nisubiri mwaka mwingine."

"Unataka kusubiri?"

"Siwezi kufua mashuka mwaka mwingine, Mama. Siwezi." Hakulia. Heri angelia, ningejua la kusema.

Jioni ile ile tulikwenda kwa Verlyn, mimi na Curt. Alitukaribisha kwa kahawa. Nilikataa kahawa, na kwetu hiyo tayari ni matusi.

Niliweka ukurasa mbele yake. "Kwa nini binti yangu yuko hapa?"

Verlyn alivaa miwani, akasoma, akaivua. "Kwa sababu ni binti yako."

"Alikuwa anajitegemea Montana."

"Toka Juni. Januari mpaka Juni alilala wapi? Kwenu. Alikuwa mwanafunzi? Alikuwa. Sheria ya kodi inasema ni wenu. Nimewaokolea dola mia tano."

"Mia tano zako zinataka kunila elfu ishirini na nne."

Alimgeukia Curt. "Hukuniambia."

"Nilikwambia yuko Montana," alisema Curt.

"Uliniambia yuko Montana. Hukuniambia si wako."

Curt ana mikono mikubwa, na sikuwahi kuiona ikikosa mahali pa kukaa kama jioni ile. Nilijua kwamba Februari, kwenye kiti hicho hicho, asingeweza kulisema neno hilo hata kama angekumbuka. Nilichokuwa nimemtuma kusema ni hicho, na nilikuwa nimemtuma kama anayekwenda kununua misumari.

"Inarekebishika?" niliuliza.

"Ritani ya marekebisho, inarekebishika. Mnamtoa, mnarudisha mia tano na riba kidogo. Sheria haiwalazimishi kumwandika, inawaruhusu tu." Alikuwa ameshavuta kibodi. Kisha akasimamisha vidole. "Renae, mimi nimemwandika mtoto huyu tangu mwaka aliozaliwa. Nilikuwa naandika jina lake hata kabla sijaangalia karatasi zenu."

"Najua, Verlyn."

"Sikufikiri."

"Najua. Mfute."

Alimfuta. Ilichukua dakika chache. Mashine ya kuchapisha ilitoa karatasi zikiwa na joto, na mahali palipokuwa na jina la Maren palikuwa peupe. Verlyn alikataa malipo. Tulipokuwa mlangoni mkewe alikuja na mfuko wa matango ya bustani, makubwa kama mkono wa mtu, akanishikiza. Nilichoka hata kukataa.

Ritani mpya peke yake haikutosha. Ofisi ya chuo ilitaka na hati ya kiapo: wazazi waape kwamba katika miezi ile kumi na miwili hawakumpa mtoto chakula, malazi, mavazi wala fedha, na kama walimpa chochote, wakiseme. Niliiandika saa ya chakula cha mchana, nikaenda benki. Mwenye mhuri wa viapo pale ni LaVonne, ambaye hukaa mstari wa mbele yetu kanisani na aliyemshika Maren siku ya ubatizo ili mimi nipate kufunga kiatu.

Aliisoma hati. Akaisoma tena.

"Hii ni kweli?"

"Ndiyo maana nataka kuapa."

"Chochote hamkumpa? Krismasi?"

"Soksi."

"Jozi ngapi?"

"LaVonne!"

"Wewe ndiye unayeapa, mpenzi, si mimi. Andika soksi." Akanisukumia kalamu. Nikaandika soksi pembeni, jozi tatu. "Na ile nyama ya Curt? Maana Curt ameutangazia mji mzima kwamba nyama si msaada."

Nikaandika nyama ya nguruwe, Juni, kama dola themanini.

"Na Januari?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Curt alisema lile gari…"

"Januari hatukumpa kitu."

"Alitembea?"

"Alitembea."

LaVonne alilegeza kifuniko cha wino, akakikaza. Nyuma yangu kulikuwa na mzee mmoja na kitabu chake cha hundi, anajifanya anasoma bango la mikopo ya matrekta.

"Mimi nisingeweza," alisema LaVonne.

"Hata mimi sikuweza. Nilifanya tu."

"Haya. Inua mkono."

"Tunajuana tangu shule ya msingi."

"Inua mkono, Renae, kamera inatuona."

Niliinua mkono wangu wa kulia ndani ya benki, saa sita na nusu mchana, nikaapa kwamba sikumlisha mwanangu, sikumvisha, sikumpa pa kulala. Nimewahi kusema uongo mdogo mdogo maishani, kuhusu keki za watu na nywele za watu. Huu ulikuwa ukweli mtupu, na ulinitoka kwa shida kuliko uongo wowote. LaVonne akagonga mhuri. Aliugonga taratibu, kama anayeogopa kuamsha mtu.

Nilituma kila kitu siku hiyo, kisha tukangoja. Nilipiga simu ofisi ya chuo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Mara ya kwanza waliniambia hawawezi kuzungumza nami kwa kuwa mwombaji ni mtu mzima. Mara ya pili waliniambia hivyo hivyo. Mara ya tatu nilimwuliza kijana aliyepokea kama mama yake yuko hai, akasema yupo, nikamwambia ampigie simu, nikakata. Karatasi yangu ya jikoni nilikuwa nimeigawa mara mbili: upande mmoja elfu nane, upande mwingine thelathini na mbili. Upande wa pili nilijaribu kila kitu. Rehani ya ekari arobaini. Kazi ya pili wikendi. Kuuza lori la Curt na kununua bovu. Haukufika. Kila nilipoufikisha mwaka wa kwanza, mwaka wa pili uliubomoa.

"Acha," Curt aliniambia. "Utaitoboa karatasi."

"Nikiacha nifanye nini?"

Curt alikaa karibu yangu, akachonga penseli nyingine kwa kisu.

Jibu lilikuja wiki ya kwanza ya Agosti, siku ya Jumanne. Nilikuwa nimerudi nyumbani, nimevua viatu, nimekaa kwenye ngazi ya nyuma. Simu iliita. Nikaweka sauti ya wote wasikie, Curt akatoka jikoni na kitambaa cha vyombo begani.

"Wamekubali," alisema Maren.

"Sema tena."

"Wamekubali, Mama. Mimi ni mkazi. Elfu nane."

Curt alifunika uso kwa kile kitambaa. Mimi nilikuwa nimeshaanza. "Sikiliza. Bweni lina amana, na usichukue ule mpango mkubwa wa chakula, watakuibia, chukua mdogo, halafu…"

"Sichukui bweni. Nimepata nyumba na wasichana wawili wa kazini. Ni nafuu kwa mia mbili."

"Amana yake?"

"Nimeshalipa."

"Vitabu?"

"Kuna wa mwaka wa pili anauza vya kwake. Nimevikagua, havijachanwa." Mashine zilikuwa zinazunguka nyuma yake. "Hoteli wamekubali nifanye kazi jioni tatu kwa wiki. Na mkopo wa serikali nimejaza, ule mdogo tu. Inafika, Mama. Nimeipiga mara mbili. Mwaka wa tatu inabana kidogo, lakini kiangazi nikipata kazi ya zimamoto msituni, inafika."

Nilitafuta kosa kwenye hesabu yake. Halikuwepo. Alikuwa ameweka hata bei ya namba mpya za gari.

"Safi," nilisema.

"Maren," alisema Curt, "mwanangu, hapo una kila kitu? Huhitaji kitu?"

"Niko sawa, Baba. Lazima nitoe mashuka, yataungua. Nitapiga Jumapili."

Akakata. Tulibaki tunaangalia simu. Ng'ambo ya barabara mahindi yalikuwa yamefika kichwa cha mtu, na ndege ya kunyunyiza dawa ilipita chini chini mpaka vioo vikatikisika.

"Sasa tunaruhusiwa kumpa?" aliuliza Curt.

"Barua inasema wakishakukubali hawarudi nyuma. Tunaruhusiwa."

"Tumpe nini?"

"Hakuomba kitu."

Alikaa pale juu yangu kwenye ngazi, magoti yake yakigusa bega langu. Alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena pembe kwa pembe kama mama yake alivyokuwa akifanya. "Renae. Hufurahi?"

"Nimechoka," nilimwambia. "Nitafurahi Jumamosi, siku nisiyo na kazi."